KABATI LA PEMBENI, KOMPYUTA NA UKUTA ULIOPINDA

(Maneno haya yalisomwa na mafundi seremala wa karakana ya mabehewa mbele ya mkutano wa tawi. Mmoja wao aliyaandika kwa niaba ya wenzake. Mkutano uliomba yachapwe ili ndugu waliokuwa zamu wapate kuyasoma.)



Twashukuru kupewa nafasi hii. Sisi si wasemaji. Kazi yetu ni randa na msumeno, na wengi wetu tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, kisha tukaingia kazini. Tukikosea maneno mtusamehe. Lakini vipimo tutakavyovitaja hapa tumevipima kwa mikono yetu, na anayetaka kuvihakikisha na aje na futi yake.

Ndugu Katibu alitutaka tueleze mambo mawili. La kwanza, zile bodi 3 zilizonunuliwa kwa fedha za wanachama, shilingi 10,500, ziliharibikaje. La pili, hii programu ya kompyuta ya kuchora makabati ni kitu gani, na je, imekuja kutunyang'anya kazi ama kutusaidia. Tutayajibu yote mawili pamoja, kwa sababu kwa kweli ni jambo moja.

MAMBO YALIVYOKUWA

Mnakumbuka ya kuwa mkutano huu uliamua tutengeneze makabati ya ofisi ya tawi. Kadi za wanachama zilikuwa zimewekwa sakafuni katika maboksi, na mchwa walikuwa wamekwisha anza kula. Katika maboksi hayo mna barua za watu waliokwisha kufa, ambazo wajane wao huzihitaji wanapofuata haki zao. Karatasi kama hizo si za kuachiwa mchwa. Basi fedha zikachangwa, nasi tukapewa kazi, tuifanye Jumamosi baada ya saa sita, bila malipo. Tulikubali kwa moyo.

Chumba chenyewe ni kidogo, na nyumba ni ya mawe ya zamani. Tuliona ya kuwa tukiweka makabati ukuta huu na ukuta ule, pembe katikati itapotea bure. Kwa hiyo tukakata shauri kutengeneza kabati la pembeni, lile ambalo mlango wake hukaa mshazari, ukikatiza pembe ya chumba.

Kijana wetu mmoja alikuwa na kompyuta ndogo, na ndani yake programu ya kuchora. Akatuonyesha. Akaandika urefu, akaandika kimo, akaandika unene wa bodi, na mara kabati likasimama machoni petu kama picha. Aliligeuza huku na huku, akafungua mlango wake, akatuonyesha rafu. Sisi tuliokuwa tumezoea kuchora kwa penseli juu ya kipande cha ubao tulishangaa sana. Kisha ile programu ikatoa orodha ya vipande vyote vya kukata, kila kimoja na kipimo chake mpaka milimita. Tukasema, kazi imekwisha, kilichobaki ni kukata.

Mzee wetu wa msumeno alikuwapo. Alitazama ile picha, akatazama pembe ya chumba, akasema, "Ukuta huu haukubali guni." Maana yake, ukiweka guni pale halikai sawasawa. Sisi tulicheka. Mmoja wetu alisema ya kuwa kompyuta haikosei. Mzee hakujibu neno. Alichukua ile orodha akakata kila kipande kama kilivyoandikwa.

Tulipounganisha kabati na kulisukuma pembeni, halikuingia. Ubavu mmoja ulilala ukutani vizuri, lakini nyuma, kwenye pembe yenyewe, palibaki nafasi ya karibu sentimita 5. Tukilisukuma upande huu, linatoka upande ule. Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili. Tuliamua kuchonga ubavu mmoja kwa nguvu mpaka liingie. Kweli liliingia. Lakini ubavu ule uliokuwa na kina cha sentimita 60 ulibaki na 55, na kabati jirani lina 60. Basi kabati jirani likatokeza mbele na kuziba mlango wa mshazari, ukawa haufunguki. Bodi 3 zikawa kuni, na ukizingatia ya kuwa MDF ni nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, hata kuni si kuni nzuri.

Kosa la tatu ndilo baya kuliko yote. Tulitafuta wa kumlaumu. Tulisema orodha ilikuwa sawa, kwa hiyo aliyekata ndiye aliyekosea. Wengine wetu walisema mbele ya watu ya kuwa macho ya Mzee yamechoka. Mzee alifunga mfuko wake wa vyombo akaenda zake, na Jumamosi tatu hakuja.

TULIVYOGUNDUA

Jumamosi ya tatu yule kijana mwenye kompyuta alikuja mapema. Alikuwa hana amani. Alipima kutoka pembeni sentimita 60 juu ya ukuta mmoja akatia alama. Akapima sentimita 80 juu ya ukuta wa pili akatia alama. Kisha akapima kutoka alama hata alama. Kila fundi hapa anajua ya kuwa pembe ikiwa sawa na guni, kipimo hicho cha tatu lazima kiwe sentimita 100 kamili. Ndiyo ile hesabu ya 3, 4 na 5 tuliyofundishwa na waliotutangulia. Yeye alipata 97 na nusu.

Akarudia mara tatu. 97 na nusu. Akaketi sakafuni.

Ndugu, pembe ile si digrii 90. Ni digrii 87. Programu haikukosea hesabu hata moja. Iliambiwa pembe ni 90, nayo ikachora ya 90. Tena hasa haikuambiwa na mtu, ila programu hizi zikiachwa zenyewe hudhani kila chumba kina pembe za 90. Na Mzee hakukosea kukata hata unywele mmoja. Tuliokosea ni sisi, tuliokuwa na mdomo wa kucheka na hatukuwa na mkono wa kuweka guni ukutani.

Siku ya Jumapili, baada ya ibada, watu watatu tulitumwa nyumbani kwa Mzee kuomba msamaha. Alitukaribisha chai. Tulipokwisha sema, alitujibu hivi: "Hamkunikosea kwa kuharibu bodi. Bodi hununuliwa. Mlinikosea kwa kuhesabu macho yangu mbele ya watu." Tulinyamaza. Halafu akauliza pembe ilipatikana digrii ngapi. Tulipomwambia 87 akasema yeye alikadiria 86 au 87. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wake. Leo ameketi pale nyuma, na twarudia mbele ya mkutano huu kama tulivyomlaumu mbele ya watu: Mzee, utusamehe.

DIGRII 3 ZAWEZA KUFANYA NINI

Huenda mtu akasema, digrii 3 ni kitu gani? Twaomba mtusikilize kidogo hapa, kwa maana hata sisi tulistaajabu.

Kabati la pembeni kama letu lina pande tano likitazamwa kutoka juu. Pande mbili zimelala ukutani, kila moja sentimita 90. Mbavu mbili fupi hukutana na makabati jirani, kila moja sentimita 60. Upande wa tano ni ule wa mlango wa mshazari. Pembe ya chumba ikiwa 90 kamili, nafasi ya mlango huwa sentimita 42 na milimita 4. Pembe ikiwa 87, na vipimo vingine vyote visibadilike, nafasi ile hupungua ikawa sentimita 36 na milimita 9 hivi. Digrii 3 tu zimekula sentimita 5 na nusu za mlango! Na ukuta ukikosea upande wa pili, pembe ikawa 93, mlango utakuwa mdogo kuliko nafasi yake.

Pembe nazo hubadilika. Umbo la pande tano, ukijumlisha pembe zake zote za ndani, lazima upate digrii 540. Ondoa pembe ya chumba, ondoa zile mbili za 90 ambapo mbavu zinatoka ukutani, kinachobaki ukigawe mara mbili. Katika chumba cha 90 utapata 135 kila upande wa mlango. Katika chumba chetu cha 87 utapata 136 na nusu. Mkononi ni kidogo, lakini ukiunganisha kwa gundi utaona ufa wa kupitisha ukucha.

Sasa msikilize jambo la msumeno, kwa maana hapa ndipo vijana wengi hupotea. Bodi mbili zikikutana kwa pembe ya 135, kila moja hukatwa nusu, yaani 67 na nusu. Programu nyingine huandika hivyo, 67 na nusu. Lakini msumeno wa meza huhesabu kwa njia nyingine. Ukisimama wima, wenyewe husema ni sifuri. Kwa hiyo unatakiwa kuondoa 67 na nusu katika 90, upate 22 na nusu, hiyo ndiyo utakayoiweka. Kwa pembe yetu ya 136 na nusu, msumeno hulala 21 na robo tatu. Fundi asiyejua hili atasema programu imemdanganya, kumbe wanasema lugha mbili tofauti juu ya jambo moja.

Tena bodi iliyokatwa kwa kulaza msumeno ina urefu wa aina mbili, uso wa nje na uso wa ndani. Bodi ya milimita 18 ikikatwa kwa 22 na nusu, tofauti ya nyuso hizo ni karibu milimita 7 na nusu kwa kila mwisho. Orodha ya kompyuta mara nyingi hutoa kipimo kimoja tu, tena kama kipande ni cha mraba. Uliza daima: hiki ni kipimo cha uso gani? Ukikosea ncha zote mbili umekosa milimita 15, na kipande hakifai.

Kwa wale wanaotaka kutengeneza meza ya pembe nyingi au fremu ya kioo, kuna njia rahisi ya kukumbuka. Chukua 180, gawa kwa idadi ya pande. Pande 4, msumeno hulala 45. Pande 5, 36. Pande 6, 30. Pande 8, 22 na nusu. Njia hiyo ni ya kweli kama mbao zimesimama wima. Zikilala nje, kama sanduku la kupandia maua au pipa la kumiminia nafaka, haifai tena. Sanduku la pande 4 ambalo kila upande umelala digrii 15 kutoka wima, msumeno wake haulali 45, hulala 43 na kidogo, na tena kipande chenyewe lazima kikatwe mshazari wa digrii 14 na nusu. Hesabu hiyo si ya kukisia kwa jicho. Hapo, ndugu zetu, programu ni rafiki wa kweli, maana huifanya kufumba na kufumbua.

PROGRAMU NI KITU GANI

Kuna programu za aina mbili. Aina ya kwanza ni za kuchora kitu chochote, nyumba, kiti au behewa. Moja inayojulikana sana ni SketchUp, iliyotolewa Marekani mwaka 2000, na tangu mwaka 2012 ni mali ya kampuni ya Trimble. Iko namna yake ya bure inayotumika kwa njia ya intaneti. Nyingine ni FreeCAD, ambayo ni ya bure kabisa, na ukikwisha kuiingiza katika kompyuta huhitaji intaneti ili kuitumia. Sisi tulichagua hiyo ya pili kwa ajili ya darasa letu, kwa sababu ya gharama za bando.

Aina ya pili ni programu za makabati hasa, kama vile Cabinet Vision na Polyboard. Hizo huhitaji kununuliwa. Ndani yake kabati ni kama kiumbe chenye viungo vilivyofungamana. Ukibadilisha kimo, milango hubadilika, rafu hubadilika, na orodha ya kukata hujiandika upya. Makarakana makubwa huziunganisha na mashine ya kukata, na mashine hufuata mchoro bila mkono wa mtu.

Lakini wasikilizeni wanaozitumia kila siku watawaambia jambo moja: kabati la mraba ni mchezo wa mtoto, kabati la pembe ndipo kazi inapoanza. Programu zilizotengenezwa kwa masanduku ya 90 hukubali pembe nyingine shingo upande. Nyingine huchora picha nzuri na kuacha kuandika mlazo wa msumeno katika orodha. Na ile mashine ya kukata, kama kisu chake husimama wima tu na hakilali, haiwezi kukata ukingo wa mlazo. Itakata kipande cha mraba, na fundi lazima akipeleke kwenye msumeno wa meza aumalize mwenyewe. Basi hata katika karakana yenye mashine nyingi, kazi ya pembe hurudi mikononi mwa fundi anayejua.

Tumeandika hapa mambo ambayo tunayahakikisha sasa kabla ya kukata kipande chochote:

1. Pima pembe ya chumba kwa 60, 80 na 100, chini na juu. Ukuta waweza kuwa sawa sakafuni na kupinda dirishani. Timazi nayo isisahauliwe.

2. Andika pembe uliyoipata katika programu kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Usiiache idhani yenyewe.

3. Pima unene wa bodi uliyonunua, si ule ulioandikwa katika risiti. Tulipewa bodi za 18, tulipozipima tukakuta nyingine ni 17. Katika kabati lenye rafu tano, milimita moja moja hujumlika.

4. Mwambie kompyuta ya kuwa msumeno hula. Wetu hula milimita 3 kila unapopita. Bodi ya futi 8 kwa 4, ambayo ni milimita 2440 kwa 1220, hutoa vipande 2 tu vya sentimita 90 kwa 90, na kinachobaki kipangiwe kazi mapema.

5. Chagua lugha moja ya vipimo. Mmoja asipime kwa inchi na mwingine kwa milimita katika kazi moja.

6. Kabla ya kukata bodi, kata katoni. Tengeneza umbo la sakafu ya kabati kwa katoni, liweke pembeni, lione linakaa. Katoni hupatikana dukani bure.

Hilo la sita tulifundishwa na Mzee. Naye alituletea kile chombo cha kunakilia pembe, chenye mkono unaofunguka na kukazwa kwa skrubu. Alikiweka pembeni, akakikaza, akakipeleka kwenye msumeno bila kutaja digrii hata moja. Kijana akapima kwa kompyuta. Walikuwa sawa. Tangu siku hiyo wale wawili hufanya kazi pamoja, Mzee anapima na kijana anachora, na hakuna kinachokatwa mpaka wote wawili wametia sahihi. Makabati ya pili yaliingia siku ya kwanza. Kadi zenu ziko humo sasa, na mnaweza kwenda kuyaona.

KWA NINI TUNAYASEMA HAYA CHAMANI

Ndugu zetu, sisi wa mabehewa tunajua pembe tangu zamani. Behewa la zamani ubavu wake haukusimama wima, hupinda kuingia ndani, na kabati au kiti kilichowekwa humo lazima kifuate mpindo ule. Waliotutangulia walifanya hivyo kwa katoni, kwa guni na kwa jicho. Lakini hatuwezi kujidanganya. Mabehewa ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria Mombasa mpaka Nairobi mwaka 2017, yalikuja kutoka China yakiwa yamekamilika, viti na yote. Mbao zilizokuwa zikipita mikononi mwetu zimepungua. Watu wanauliza seremala wa reli atabaki na kazi gani.

Wako wanaosema tuikatae kompyuta. Sisi hatukubaliani nao. Tukiikataa, itakwenda kushikwa na mtu mwingine ofisini ambaye hajapata kuweka guni ukutani, naye atatuletea orodha, nasi tutakata kama tulivyokata zile bodi 3. Mtu wa orodha ataitwa mtaalamu, na sisi tutaitwa wakataji. Mshahara hufuata jina. Lakini fundi akishika vyote viwili, kupima na kuchora, hapo hakuna wa kumwambia ya kuwa kazi yake ni ya mikono tu.

Wako pia vijana wanaosema wazee wamepitwa. Hao nao wayatazame yaliyotupata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi guu letu liligharimu shilingi 10,500.

Kuna jambo la sheria pia, ambalo kila mwanachama alijue. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata katika mshahara kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanya kazi. Angalieni neno hilo, kosa la kusudi. Fundi aliyekata sawasawa na mchoro aliopewa hakufanya kosa la kusudi hata mchoro wenyewe ukiwa umekosewa. Lakini atathibitishaje, kama mchoro umetupwa? Kwa hiyo twawashauri, katika kila kazi, karatasi iwe na majina matatu: aliyepima, aliyechora, aliyekata. Na fundi aiweke nakala. Kama sisi tungalikuwa na karatasi hiyo, hakuna ambaye angaliweza kumlaumu Mzee hata kwa dakika moja.

Tena kila mwajiri hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, ziwe za mafunzo ya kazi, chini ya mamlaka ya mafunzo ya viwanda, yaani NITA. Hao ndio wanaotoa mitihani ya ufundi, daraja la tatu, la pili na la kwanza. Fedha hizo zinatolewa kwa ajili ya mafunzo ya watu kama sisi. Basi si fadhili tukiomba kufundishwa.

MAOMBI YETU

Tunaleta maombi manne, na tunauomba mkutano uyajadili.

Kwanza, darasa la kuchora kwa kompyuta lianzishwe Jumamosi katika ofisi ya tawi, bure kwa wanachama. Yule kijana amekubali kufundisha. Kompyuta moja ipo, tunahitaji ya pili.

Pili, Mzee awe mwalimu wa kupima katika darasa hilo hilo, na asiyepita kwake asipite kwa kijana. Na apewe nauli, kwa maana anatoka mbali.

Tatu, Katibu aandike barua kuomba ya kuwa mafundi watakaotaka mtihani wa daraja wapewe ruhusa ya siku ya mtihani bila kukatwa mshahara.

Nne, hizo shilingi 10,500. Sisi mafundi sita tulikaa tukasema, ingawa kosa halikuwa la kusudi, fedha ni za wanachama, na wengine wenu mlichanga mkiwa na watoto waliofukuzwa shule kwa ajili ya karo. Tutazirudisha kwa miezi saba, kila mmoja wetu shilingi 250 kwa mwezi. Mweka hazina amekwisha kupokea za mwezi wa kwanza. Mzee alitaka kuchanga naye, tukamkatalia. Tulimwambia yeye alikwisha lipa.

Ndugu, kompyuta haikututia aibu, wala haikutuokoa. Ilifanya ilivyoambiwa. Kilichotutia aibu ni kuacha kuulizana, na kilichotuokoa ni kijana mmoja aliyerudi na futi yake Jumamosi ya tatu, wakati sisi wengine tulikuwa tumekwisha pata wa kumlaumu. Twaomba kila mmoja wetu arudi na futi yake, hata pale anapodhani anajua.

Tumekwisha. Umoja ni nguvu.